Nyota Changa na Hotuba ya Vyoo

...na bado anaendelea, huyu mtu hamezi hata mate, aliwaza Mwalimu Mwanvua, kiganja chake kikiwa juu ya projekta kama anayemtuliza kuku asipige kelele, na projekta yenyewe baridi, imezimwa, kwa sababu mgeni rasmi, Bwana Leonardi, alipofungua mdomo tu alilalamika kwamba jenereta linamfunika sauti, likazimwa, mkuu wa shule akacheka, dakika tano tu Mwalimu, dakika tano za nani, mablanketi waliyotundika madirishani ili wapate giza sasa yanawachemsha watoto kama mihogo sufuriani, na ukuta waliopaka chokaa Jumamosi unangoja, mweupe, mtupu... "Vyoo hivi, wanangu, ni ukombozi!" alisema Bwana Leonardi... sawa, ukombozi, nani kakataa vyoo, lakini leo ilikuwa siku ya nyota, Rusimbi nzima inajua, na pembeni yake, ameshika waya wa umeme mkononi, amekaa Veneranda, mtoto wa Kirundi wa kidato cha tatu, ambaye nyota hizi hasa ni zake, na ambaye mchana huu anaondoka, basi la wanaorejea kwao linaanzia Mwandiga, mjomba wake yuko nje kwenye pikipiki, begi mapajani, na huyu bwana ndiyo kwanza anaingia jambo la pili... angeweza kumwonyesha kwenye simu, ndiyo, alishamwonyesha, lakini kwenye kioo kile kilichopasuka nyota zilikuwa punje za chumvi tu, na kompyuta ya shule betri yake ilikufa zamani, bila jenereta ni sahani... picha yenyewe aliihangaikia wiki nzima, imepigwa na ile darubini iliyorushwa angani, mbali kupita mwezi, inayoona joto pale ambapo jicho linaona vumbi tu, mawingu mekundu kama udongo wa barabara ya Kasulu, na ndani yake nyota changa, mamia, zimebanana, kubwa zao zinawaka kwa samawati na kulipuliza vumbi lililozizaa... "Kwani nyota nazo huzaliwa, Mwalimu?" Veneranda aliuliza siku ile, darasa likacheka, yeye hakucheka, "mimi nilidhani ziliwekwa tu," na Mwanvua akaeleza mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeinuka, kwamba wingu la gesi na vumbi, baridi kweli kweli, linaelemewa na uzito wake lenyewe, linajikunja, linabanwa, linapata joto, mwisho linawaka, wala haizaliwi moja, zinazaliwa nyingi pamoja kama watoto wa mtaa mmoja, halafu kwa mamilioni ya miaka zinatawanyika, kila moja na njia yake, na yule mtoto akauliza polepole, "Hakuna zinazobaki?"... chache, alimjibu, chache hubaki, na tangu siku hiyo neno hilo limemkaa kifuani, chache hubaki, kwa nini asibaki huyu, mtoto mwenye kichwa kama kile anapelekwa wapi, chumba kipo nyumbani kwetu Ujiji, godoro lipo, mama yangu ameshakubali, na sentensi ameiandaa tangu alfajiri, baki kwangu umalize shule, angeisema picha ikiwaka, macho ya mtoto yakiwa yamejaa, nani angekataa... "Na hapa niwashukuru wazazi," alisema Bwana Leonardi, akafungua chupa ya maji, akanywa, akaifunga, taratibu, Mungu wangu, taratibu... kama Honorata, basi, itakuwa kama Honorata, mwaka ule Wakongo walipovuka ziwa mtumbwi kwa mtumbwi na mama akamwingiza ndani msichana aliyelowa mpaka nywele, wakalala mkeka mmoja karibu miaka miwili, Honorata alimfundisha kusuka, yeye akamfundisha kusoma saa, mpaka siku moja Mwanvua anarudi kutoka shule mkeka umekunjwa, wamerudi kwao, na jirani, bila hata kufikiri, anasema, alikuwa anacheka yule, juu ya lori, anapunga mkono anacheka... anacheka! wakati mimi...

"Mwalimu."

"Nini tena?" alijibu kwa ukali, akajuta papo hapo.

"Mama amejifungua," alinong'ona Veneranda. "Amepiga simu jana. Mvulana."

Mama yupi, alitaka kuuliza, maana kwa miaka yote hii alimjua mjomba tu, mama alikuwa kijiji fulani ng'ambo ya mpaka, jina bila sura, na sasa huyu mama ana sauti, ana simu, ana mtoto begani... "Anaitwa nani?" akasikia anauliza.

"Bado. Wananisubiri mimi nifike nimchagulie." Na uso wa mtoto, katika giza lile la mablanketi, haukuwa uso wa mtu anayepelekwa, alikuwa anaenda, mwili wote umeshageukia mlangoni, alikaa pale kwa adabu tu, mtu haondoki mgeni rasmi akizungumza, wala mwalimu akiwa amekushikisha waya, na Honorata naye... Honorata alikuwa anaenda kwao, alicheka kwa sababu alikuwa anaenda kwao, kitu chepesi kiasi hicho, imekuwaje mtu mzima asikione miaka yote hii... na ile sentensi ya alfajiri, aliyoibeba kama yai, Mwanvua aliitafuta mdomoni hakuikuta... "Jambo la tatu," alisema Bwana Leonardi, kwa sauti mpya, kama anayeanza...

"Nipe waya," alisema Mwanvua. "Nenda ukambebe mdogo wako."

"Na nyota, Mwalimu?"

"Nenda, mwanangu."

"Murakoze," Veneranda alishukuru, kwa Kirundi, kitu ambacho shuleni hakuwahi kukifanya, akainuka, benchi likalia kwii, Bwana Leonardi akamtazama msichana anayekatiza mbele yake, akaendelea, na Mwanvua akabaki pale pale, jasho likimteremka mgongoni, waya mkononi una joto la kiganja cha mtoto, akisikiliza pikipiki inakataa kuwaka, inakataa, inawaka.