Kikohozi cha Mkuu

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu redioni ilikuwa kukata kikohozi cha Mkuu. Hotuba ikiletwa naisikiliza kwenye mashine. Akikohoa au akitweta nasimamisha, natia alama kwa kalamu nyeupe, nakata kwa wembe, naunga. Wananchi hawajawahi kumsikia akikohoa hata mara moja. Vipande niliamriwa nivichome, lakini kanda zilikuwa adimu, nikawa nampelekea mdogo wangu wa kike azifute arekodie mambo yake.

Mama alimwita Kelele, na jina likamkaa. Muziki wake hauna ngoma wala maneno: mlango unafungwa, cherehani inakwama, maji yanakoroma bombani. Nilimtania kwamba hata panya wamehama chumbani kwake. Alitaka jambo moja tu, asikike redioni, na hakuna kinachosikika bila kupita kwenye Kamati ya Utamaduni.

Asubuhi ile Kamati ilikuwa watu wawili: Mwenyekiti, na mzee mmoja aliyewahi kuongoza bendi ya jeshi, tuliyemwita Tarumbeta. Mimi niliendesha mashine.

"Haya, fundi," Mwenyekiti akacheka, "tusikie makelele ya mdogo wako."

Kanda ikazunguka. Pumzi. Kisha kikohozi. Kabla sijajua ninafanya nini, mkono wangu ulikuwa umesimamisha mashine na kalamu nyeupe iko vidoleni.

"Mbona umesimamisha?" Mwenyekiti akauliza.

"Samahani, mzee. Mkono umeteleza."

Nikawasha tena. Kikohozi cha pili, na mkono ukarudia yale yale. Safari hii nilikuwa nimeshatia alama.

Mwenyekiti alitazama kalamu, akatazama spika. Kazi yangu anaijua vizuri. Tarumbeta akavua miwani. "Lakini huyu si..."

"Usimtaje!" Mwenyekiti akamkatiza. Kisha kwangu, polepole: "Weka mikono mezani. Iache iende mpaka mwisho."

Zilikuwa dakika tisa. Vipande Kelele hakuvifuta, alikuwa ameviunga, nami nilizitambua pumzi zile moja moja: hii ya siku aliyotangaza vita, hii ya siku aliyosoma majina ya waliokamatwa. Nilikuwa nimezikata bila kuzisikia. Zikiwa zimepangwa pamoja, zilikuwa za mtu anayeogopa kama mimi.

Mwenyekiti akafungua daftari. Kanda ikikataliwa lazima sababu iandikwe, na daftari lile Mkuu hulisoma mwenyewe.

"Andika kwamba haina maana," Tarumbeta akanong'ona.

"Na Mkuu akitaka kuisikiliza, je?" Mwenyekiti akauliza.

Akaandika *Imepita*. "Saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari. Utaipiga wewe mwenyewe, fundi. Sisi hatukusikia kitu."

Nilimpigia simu Kelele nimsihi aiondoe kanda yake. Hakunipa nafasi. "Kaka! Wameniambia imepita! Mama ameshaita majirani!"

"Vile vipande, Kelele," nilinong'ona. "Unajua ni vya nani?"

"Najua. Mnakata pale pale anapokuwa mtu."

"Watatumaliza, mdogo wangu. Wewe, mimi, na mama."

Nilimsikia akivuta pumzi, naye anaogopa. "Basi usiipige, kaka. Sitakulaumu."

Angenilaumu, ingekuwa rahisi zaidi. Rafuni kulikuwa na kanda za bendi ya jeshi, tele. Ningeweka mojawapo, wala Mwenyekiti asingeuliza, angenishukuru kimoyomoyo. Nilishika moja, nikairudisha, nikaishika tena. Nilimwona mama na majirani wamezunguka redio, na mdogo wangu katikati yao akisubiri kitu ambacho ni mimi tu ninayeweza kukikata.

Saa saba taa nyekundu iliwaka. Niliwasha mashine, nikaikalia mikono yangu yote miwili. Pumzi ikaja, kisha kikohozi, kwenye kila spika ya jengo. Viatu vilivyokuwa vikipita kwenye korido vikasimama mlangoni kwangu, na mikono yangu bado nilikuwa nimeikalia.