Usinipe Nairobi

Kitendawili. Sema tega. Nyumba yangu nzuri, wageni hulala ndani, mwenyewe hulala nje. Unafikiria konokono? Konokono hulala ndani mwake na hakaribishi mtu. Umeshindwa, basi nipe mji. Lakini usinipe Nairobi. Nairobi ndiko nimetoka, na roho yangu bado inafoka.

Mwanangu Job alinipeleka ghorofani huko Njiru. Nilikuwa nimembebea mkewe, Triza, jogoo. Getini bawabu akachungulia kikapu.

"Shosho, kuku hawaruhusiwi kwa BnB."

"Shosho wako yuko kwenu. Hiyo bienbi ni nini?"

"Nyumba ya kukodi. Mgeni analala siku mbili, anaenda."

Nikamgeukia Job. "Umenileta lojing? Mimi niliyekuzaa?"

"Ni kwangu, Mama."

"Kama ni kwako, huyu angejua. Wewe unalala wapi?"

Akachukua kikapu, akampita bawabu, akapanda ngazi.

Ndani hapakuwa na hata picha ya harusi. Taulo zilikunjwa kama bata. Triza alikuwa amepika ugali na mrenda, nikala kwa hasira. Kwetu mwenye kibanda kimoja huwahamisha watoto jikoni, mgeni apate kitanda. Niliwaambia hivyo.

"Kanisani wataniuliza nililala kwa nani. Niseme kwa bata wa taulo?"

Triza akainamia bakuli. Nikarudia, "Job, mnalala wapi?"

"Ongeza mboga, Mama."

"Mboga nimeiona. Ulinidanganya getini, sasa unanidanganya mezani. Nipe kikapu changu, narudi Bungoma."

Nikashika mgongo wa kochi ninyanyuke. Kilichokuwa chini ya kiganja ni kitambaa cheupe cha kufuma, pembe moja ya buluu. Uzi mweupe uliniishia hapo, wiki ya harusi yao, na duka lilikuwa limefungwa.

Nikakaa tena.

"Kwa hiyo ni kwenu kweli."

"Kodi ilipanda," Triza akasema polepole. "Wageni ndio wanailipa. Job, mwambie mama."

"Wageni wasikuhusu, Mama, mpaka Jumapili ni wewe tu."

"Sijauliza wageni." Hasira ilikuwa imebaki, ila sikujua tena niielekeze wapi. "Nimekuuliza tangu getini."

Jogoo akawika huko jikoni. Job akarudisha tonge sahanini.

"Kariobangi, Mama. Kwenye karakana. Tunatandika nyuma ya milango ninayowachomelea watu."