Tiki ya Kijivu

Ofisini walimwita Kufuli, na jina lilimkaa kama shati la kushonesha. Kampuni yao ilitengeneza programu za maduka ya dawa, na kila programu ilikuwa na hazina yake, mahali maandishi yake yanapotunzwa. Hakuna mstari ulioingia hazinani kabla wakaguzi wawili hawajausoma na kuupigia tiki. Kufuli ndiye aliyepanga nani akague nini. Hakuhitaji kuzunguka hazina moja moja. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika mstari, akabonyeza, na sheria ikaenea kote kama moshi wa kuni mbichi.

Mkaguzi wa tangu siku ya kwanza alikuwa Shemeji, mume wa dada yake. Ndiye aliyemshika mkono Kufuli kwenye kazi hii, enzi hizo Kufuli akiigusa kompyuta kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Lakini Shemeji alisoma polepole, kama anayechambua mchele wa mkwewe. Kazi ya mtu ikifika kwake, imefika.

"Yangu imeshaota mizizi," alilalamika binti wa meza ya dirishani. "Bosi, huyu mzee wako ataikagua au ataizika?"

Watu wakaangua kicheko. Kufuli naye akacheka, na laiti angenyamaza.

Kumwambia mume wa dada yako kwamba anachelewesha watu si mchezo. Kufuli aliyapima maneno, akayaona mazito. Amri ilikuwa nyepesi. Mchana huo huo, Shemeji akiwa meza ya pili anapuliza chai yake, Kufuli aliandika: jina hili litoke kwa wakaguzi, hazina zote. Akabonyeza. Mashine haikumuuliza kama ana uhakika, wala kama ana haya.

Ubaya ni kwamba mfumo haukumfungia Shemeji mlango. Aliendelea kusoma, kuandika maoni na kupiga tiki, vilevile. Ila tiki ya mkaguzi ni ya kijani. Ya mpita njia ni ya kijivu, na haihesabiwi. Wenzake hawakumngojea tena. Yeye hakujua, maana hakuwa na tabia ya kutazama wengine wamesema nini, asije akafuata mkumbo.

"Shemeji," mzee naye alimwita Kufuli siku moja, pua karibu iguse skrini. "Hebu njoo. Hii tiki yangu unaionaje? Mimi naiona imepauka."

Neno moja tu lingetosha.

"Labda skrini," Kufuli akajibu. "Ya zamani hiyo."

"Ya zamani ni skrini au mimi?" Shemeji akasema, akacheka peke yake.

Haikupita muda, dada akapiga simu.

"Mdogo wangu, kuna kitu mnanificha? Shemeji yako ameacha kuendesha gari. Anasema rangi zinamkimbia. Juzi kasimama dirishani anatazama taa za barabarani, ananiuliza, hiyo ni kijani kweli? Huko kazini anaona?"

"Anaona vizuri tu, dada. Usijitie hofu."

"Sasa mbona anakwenda kupimwa macho?"

Kufuli alisema ana mkutano. Hakuwa na mkutano wowote. Alikaa na simu mkononi, akitazama meza ya pili, ambako mtu mzima alikuwa akifikicha macho yasiyo na kosa lolote.

Miwani ilipokuja, ilikuwa pana, nyeusi, inamfanya afanane na bundi. Binti wa dirishani alitaka kutania, akaona uso wa mwenye miwani, utani ukamrudi kooni. Shemeji alivuta kiti, akaketi mbele ya Kufuli.

"Daktari kasema macho yangu mazima, hii ni ya kusomea tu. Basi leo nikavunja mwiko wangu, nikatazama tiki za wenzangu. Zao, kijani kibichi. Yangu, majivu. Ulinitoa lini?"

"Shemeji, nilitaka kukuambia..."

"Ulitaka."

"Watu walikuwa wanalalamika."

"Na mimi nina masikio! Ungesema, mzee, unatuchelewesha. Ningenuna, dada yako angenicheka, yangekwisha. Lakini umeniacha niyashuku macho yangu. Nimekuuliza hapa hapa, ukaisingizia skrini."

Kufuli aligeukia dirisha jeusi. "Nakurudisha sasa hivi. Tazama." Akaandika, akabonyeza. Hazina zote. "Tayari. Tiki yako ya kijani."

"Rahisi, eh?" Shemeji akasema, bila kuitazama skrini. "Na ya kunitoa ilikuwa rahisi hivyo hivyo."

Akachukua kikombe chake. Kesho yake aliomba kuhamia chumba cha pili, kwa wanaopokea simu za wateja.

Jina lake bado limo kwa wakaguzi. Kufuli ameandika kazi yake mwenyewe, akamwomba Shemeji aisome. Kazi imekaa na tiki moja, inangoja ya pili.

"Bosi, si uipitishe tu bila tiki ya pili?" binti humwambia. "Wewe ndiye mwenye amri."

"Iache ingoje," Kufuli hujibu.

Ukutani, upande wa pili, husikika sauti ya Shemeji kwenye simu, akizungumza na muuza dawa fulani aliyekwama. "Polepole, ndugu yangu. Anza tena mwanzo. Nakusikiliza."

Kufuli huacha kuandika, akasikiliza naye, mpaka simu ikatwe.