Kutoka Moabu Hadi Ruvuma

Mwaka 1998 parokia moja ya Wazo, Dar es Salaam, ilipewa kompyuta, pamoja na sidii iliyobeba Biblia nzima, kamusi, picha na ramani. Katekista Adelina, aliyekuwa akijiandaa kuwafundisha watoto habari za Ruthu, akamwomba karani wa parokia, Gozbert, amwonyeshe nchi ya Moabu. Jumamosi mchana akaenda ofisini na mama mkwe wake, Leokadia, asimwache peke yake nyumbani.

Leokadia alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka thelathini na miwili nyuma, vita vilipomuua mume wa Adelina kule Mueda, Msumbiji, wanawake hao walitembea hadi Newala na hawakuachana tena. Parokiani wengi walidhani Leokadia ndiye aliyemzaa Adelina.

Gozbert alibonyeza. Picha ikafunguka taratibu kutoka juu, mstari baada ya mstari: kwanza anga, kisha milima ya zambarau, kisha shamba la shayiri lililoiva. Feni ilizunguka, pazia likajaa upepo na kunywea. Adelina alijihisi kama amesinzia macho wazi, miguu yake imo katika shayiri ile, na hakuna anayemwita.

"Hiyo ndiyo Moabu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, mwalimu. Picha ni ya juzijuzi, ila milima ni ileile."

Akafungua ramani. Mstari mwekundu ulitoka Moabu, ukaizunguka Bahari ya Chumvi, ukapanda hadi Bethlehemu.

"Walitembea siku ngapi?" Leokadia akauliza.

"Labda wiki moja, bibi. Ruthu na mkwewe, wawili tu, kwa miguu."

"Sie tulikwenda siku kumi na moja," akasema Leokadia. "Tulikuwa watatu."

Adelina akageuka kumtazama. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akimhesabu wa tatu.

"Na kwetu kuko wapi hapo?"

Gozbert akakisogeza kipanya kuelekea kusini. Misri ikapita, Kushi ikapita, ramani ikagota. "Kwetu hakumo, bibi. Ramani inaishia hapa."

Leokadia akainuka. Aliweka kidole kwenye kioo, pale Kushi ilipokatika, akakiteremsha polepole mpaka kikatoka nje ya kioo na kutua mezani.

"Basi kwetu ni huku," akasema.

Gozbert hakucheka. Aliondoa kikombe chake cha chai, akatandika karatasi ya manila pale kidole kilipokuwa, akampa kalamu. Leokadia hakuwahi kukaa darasani. Aliishika kalamu kwa ngumi. Akachora uwanda wa Mueda, akachora njia ikiteremka bondeni, akachora Ruvuma kwa mistari miwili iliyopindapinda. Adelina alisikia harufu ya nyasi zilizoungua. Aliiona njia ile ikimeta kwa umande, na mbele yao mtoto anayekimbia bila kugusa chini.

Kabla ya mto kalamu ilisimama. Leokadia akachora duara dogo.

"Palikuwa na mkwaju. Nilimlaza hapa."

"Ulimlaza nani, bibi?" akauliza Gozbert.

Leokadia akamtazama mkwewe. "Mwambie."

"Tereza," akasema Adelina. "Wifi yangu. Alikuwa na miaka minne, homa ikamshika njiani, akatufia. Mama alikataza tusimtaje."

"Nilikataza," Leokadia akasema. "Niliogopa nikimtaja nitarudi kumchukua. Na wewe ungenifuata."

"Ningekufuata, mama."

"Najua. Ndiyo maana."

Gozbert akaandika TEREZA kando ya duara. Leokadia akapitisha kidole juu ya herufi, moja moja, kisha akaomba asomewe tena.

Jumapili Adelina alibandika ukutani ramani ya Ruthu iliyotoka kwenye printa, na kando yake ile manila. Aliwaeleza watoto njia zote mbili. Leokadia alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani.

Msichana mmoja aligeuka kwake. "Bibi, Tereza alikuwaje?"

Adelina alitaka kumkatiza, lakini Leokadia alikuwa ameshasogea kumpisha akae.

"Mbishi," akasema. "Ukimwambia avae kiatu, anakitupa mtoni. Njoo nikuambie alivyomkasirisha babu yake."

Watoto wengine nao wakaanza kusogea.