Kidole Gumba cha Njau

Mwanzia alikuwa amekunja suruali hadi magotini, akichora ramani kwenye mchanga kwa kijiti. Mbele yake, juu ya jiwe, alikaa Mama Jackie, na chupa ya chai ilikuwa katikati yao. Jumamosi hiyo mwanafunzi wa kupiga mbizi alikuwa yeye peke yake. Jina lake hasa ni Idah, lakini kule Kiandutu anakoishi wanaomwita hivyo ni mchungaji na watu wa benki tu.

Bahari ilifika Gatuanyaga, huku bara, wakati wa mvua za masika. Ilitokea chini, bila fujo, ikaingia kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa yakiwa yamejaa maji. Asubuhi moja mbuzi walikataa kunywa, wenye mbuzi wakayaonja maji, wakakuta ni ya chumvi. Baadaye yakaanza kupwa na kujaa, na upande mmoja wa shimo ukaota mchanga mweupe. Watu walinung'unika kwa ajili ya mbuzi, kisha wakazoea. Waliokuwa wakichoma mahindi wakaanza kukaanga samaki. Mwanzia, aliyefundisha wageni kupiga mbizi Diani mpaka hoteli ikafungwa, alipanga chumba Mwihoko, akawa anakuja na mitungi yake ya hewa imefungwa nyuma ya pikipiki.

"Tunaingilia hapa, kwa barabara ya malori," alisema, akigusa mchanga. "Inateremka pole pole, hata mtu hajawahi oga mtoni anaweza. Tunangoja maji yajae, yatulie. Ukuta wa mawe unabaki mkono wa kushoto. Geji ya hewa ikifika nusu tunageuka, ukuta unakuja kulia. Na hatupiti mita kumi na mbili, maana wewe bado ni mgeni."

"Na winchi iko wapi?"

"Mwisho wa barabara. Kama mita kumi na moja hivi."

"Basi inatosha."

Mwanzia hakuuliza inatosha nini. Kila mtu alijua kwamba Njau, mume wa Idah, na wenzake watatu walikuwa chini ya winchi ile ya kuvutia mawe tangu siku mwamba ulipopasuka na maji kujaa machimboni. Msimamizi wao alikuwa Zacharia, aliyeletwa wiki hiyo hiyo kutoka ofisini Ruiru na alikuwa hajawahi kushika jiwe. Kwenye matanga Zacharia alisimama akaeleza, kwa upole kabisa, kwamba aliwachungulia kutoka juu, Njau akamwinulia kidole gumba, naye akajua wako poa. Akamwinulia chake, akaenda kula. Kampuni ikatangaza kwamba wafanyakazi wenyewe walithibitisha wako salama, na mambo yakaishia hapo.

Tangu hapo Idah alikuwa na kinyongo na Njau. Hakumwambia mtu. Alimkasirikia akiosha vyombo, alimkasirikia kanisani wakati wa sadaka. Mtu anaona maji yanapanda, ana binti nyumbani, halafu anajifanya ndume na kusema poa! Alijifunza kupumua kwa mpira ili ashuke akamtazame usoni, amuulize alikuwa anamwonyesha nani ujasiri.

"Sasa ishara," Mwanzia aliendelea. "Chini hakuna kuongea." Akaunganisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha pili, ikawa duara. "Hii ndiyo sawa." Kisha akainua kidole gumba. "Hii si poa. Watu wa huku wote wananikosea hapa. Hii ni panda juu. Mwenzako akikuonyesha hii, huulizi kwa nini. Unamrudishia, mnapanda."

Idah akakitazama kile kidole. "Hiyo ni ya wapiga mbizi tu?"

"Hata ya winchi, Mama Jackie. Babangu alifanya kazi kwa mawe maisha yake yote. Mtu wa chini akiinua kidole, wa juu anavuta. Kwa machimbo ni hivyo."

Idah akafunga vizuri chupa ya chai, ingawa ilikuwa imefungwa. Aliona aibu, kisha akamhurumia Njau. Hasira yote aliyombebea ilikosa pa kukaa.

"Tuingie."

"Maji bado hayajatulia."

Wakangoja, kwa kuwa ndivyo walivyopanga.

Waliingia kinyumenyume, wakafuata barabara ya malori, ukuta ukiwa kushoto. Wanaume wanne walikuwa wamesimama chini ya winchi, wamevaa gambuti, vidole gumba juu. Njau alikuwa ameota mvi, kama ambavyo angeota nyumbani. Samaki mdogo wa manjano alikuwa akiingia na kutoka mfukoni mwake. Alimtambua mkewe mara moja, akatabasamu, lakini kidole hakukishusha.

Mwanzia alifuata kanuni, akairudisha ishara. Idah naye akairudisha, akamshika Njau mkono wa pili. Wote sita wakaanza kupanda.

Kwenye mita tano Mwanzia akawasimamisha kwa kiganja. Anayetoka chini lazima angoje hapo mwili utoe hewa iliyojipenyeza, na aliyekaa sana hungoja sana. Alipiga hesabu kwa vidole, akairudia, akawaacha wale wanne pale pale kwenye mteremko.

"Wakitoka leo wataumia," alimwambia Idah ufukweni. "Wamekaa chini sana. Watangoja miaka. Labda Jackie atakuwa na watoto wake."

"Mimi naweza kufika hapo walipo?"

"Hapo hata mgeni anafika."

Basi kila Jumapili, baada ya ibada, Idah alikwenda kukaa na mumewe kwenye mita tano. Maji yakitulia, mtu aliweza kuwaona vizuri kutoka ufukweni, wamepanga mstari, vidole juu, kwa sababu walikuwa hawajafika.

Akamwita Zacharia. Zacharia alikuja bila ugumu, sasa ni meneja, viatu vinang'aa.

"Angalia mwenyewe," Idah alimwambia. "Wanaomba wapandishwe. Hata siku ile walikuwa wanaomba hivyo. Nataka uende useme hivyo kwa kampuni."

Zacharia aliinama, akakinga macho dhidi ya jua. Akawataja mmoja mmoja kwa jina, na ilionekana wazi amefurahi kuwaona.

"Aki Mama Jackie, si unaona?" alisema. "Miaka hiyo yote, na bado wanasema wako poa."

Akawainulia kidole chake, akauliza samaki wanauzwa upande gani, akaenda kula.