Nafasi ya Mabula

Mtambo wa kuhifadhi kumbukumbu za mgodi ulikuwa umejaa pomoni, na Limi ndiye aliyetumwa kutafuta nafasi. Diski mpya? Bosi wake, Edward, hakutaka hata kusikia. "Humo ndani kuna sehemu kibao watu walizichukua wakazitelekeza," alisema. "Zikomboe."

Kazi yenyewe haikuwa na ujanja. Sehemu isiyofunguliwa kwa siku tisini, mwenyewe anaandikiwa barua pepe; asipojibu kwa wiki mbili, inafutwa wapewe wengine. Limi, aliyehamia Geita mwezi uliopita tu, alipata sehemu kumi na moja. Kumi hazikumsumbua. Iliyobaki, kubwa kuliko zote, ilisajiliwa kwa jina la Mabula, msimamizi wa zamu chini ya ardhi. Alimwandikia. Kimya. Akamwandikia tena. Kimya kile kilimuudhi. Akamwona mtu wa dharau, akafuta.

Edward alimsifu mbele za watu. Siku hiyo Limi alikula wali na sato kwa raha zake.

Alhamisi iliyofuata Abel wa chumba cha redio aliingia ofisini na mwanamke aliyenyolewa nywele.

"Huyu ni Melania, Mama Boaz, mke wa marehemu Mabula."

Marehemu! Limi akamsogezea kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wabeja." Melania alishukuru kwa Kisukuma, akaketi. "Tumeondoa matanga Jumapili, kule Mhunze. Sasa tumekuja kufungua vitu vyake."

Abel alieleza. Miezi minne iliyopita mwamba ulimwangukia Mabula kwenye njia iliyofungwa, na mgodi ukaandika kwamba alijipeleka mwenyewe kwa uzembe wake. Lakini Abel alikuwa redioni. Alimsikia Mabula akikataa kuingia, na akasikia akiamriwa mara mbili. Maongezi yote yalirekodiwa, yakahifadhiwa kwenye sehemu ya Mabula mwenyewe. Ila wazee wa ukoo walisema kitu cha marehemu kisiguswe mpaka matanga yaondolewe, na matanga yalimsubiri kaka mkubwa atoke machimboni Chunya. Watu wa zamu waliheshimu. Hakuna aliyefungua hata faili moja.

"Neno langu peke yangu wamelikataa," Abel alisema. "Tuwekee wasikie wenyewe."

Limi alijua hapakuwa na nakala. Nakala za sauti ziliacha kutengenezwa mwaka jana ili kuokoa nafasi. Na pale palipokuwa na sauti ya Mabula, yeye mwenyewe alikwisha kuweka video za kamera za getini. Alitamani kudanganya, aseme mtambo umeharibika. Akashindwa.

"Mama, nimeyafuta. Ni mimi. Sikujua. Nilimwandikia, hakujibu."

Abel alishika kichwa. Melania alimtazama Limi bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ulimwandikia Mabula?"

"Ndiyo, mama. Mara mbili."

"Angekujibu, mwanangu," Melania alisema, akiinuka taratibu. "Hakuwa mtu wa dharau."