Devan Kabla ya Saa Sita

Stima ilirudi saa tano na dakika thelathini na tano, nami nikaruka kitini kana kwamba ni mimi niliyewashwa. Zilibaki dakika ishirini na tano. Saa sita ikipita, Devan Pillay angekuwa wa Ngatia.

Devan alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mrushaji wa mkono wa kushoto. Mpira wake ukigusa chini ulijipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Hakuwa mtu wa nyama na damu. Aliishi ndani ya mchezo tuliocheza kwa baruapepe, mameneja ishirini wa nchi mbalimbali, kila mmoja na timu yake ya kriketi ya kubuni. Mwingereza mmoja ndiye aliyekuwa na programu ya kuchezesha mechi na kututumia matokeo. Timu yangu iliitwa Ruring'u Radi, na mwaka huo wa 1999 radi yenyewe ilikuwa haijapiga popote. Tulikuwa wa mwisho. Zilibaki mechi mbili, na sheria ilisema timu ya mwisho inafutwa, meneja wake anatafuta kazi nyingine ya kufanya Jumamosi.

Sheria nyingine ndiyo iliyonipa moyo. Wachezaji wapya wakitangazwa, timu ya mwisho huchagua kwanza, mradi barua yake ifike kabla ya saa sita. Isipofika, zamu inakwenda kwa timu iliyo juu yake. Na iliyo juu yangu ilikuwa Kagio Ndovu ya Ngatia, niliyesoma naye diploma, sasa mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya upili huko Kagio.

Mimi nilifanya kazi katika ofisi ya kupiga chapa mjini Nyeri. Tulikuwa na taipureta mbili, kompyuta moja, na simu moja tuliyoitumia pamoja na Magdaline, fundi wa nguo aliyekodi nusu ya chumba.

Nikaandika upesi: "Ruring'u Radi inamchagua Devan Pillay." Nikanyoosha mkono nichomeke waya wa modemu. Simu ikalia.

"Sasa, Kajuju wa Meru!" Ilikuwa sauti ya Ngatia, tamu kama asali. "Habari za huko?"

"Ngatia, toka kwa simu."

"Ai! Hata salamu hunipi? Nimesikia stima ilipotea huko kwenu. Pole sana. Na mahindi yameota?"

"Niko na kazi!"

"Ati kazi. Timu yako hata ng'ombe wa Mukurweini wanaweza kuipiga, na wakiwa wamefungwa. Wacha Devan aende kwa watu wanajua kumtumia."

Nikabamiza mkono wa simu chini. Nikauinua tena nisikie mlio. Nilichosikia ni Ngatia akipiga mluzi.

Hapo nikaelewa. Kwa simu zetu za wakati ule, aliyepiga ndiye aliyekata. Uliyepigiwa ungeweza kuweka simu chini mara mia. Mpaka mwenzako aweke yake, laini ni yake. Naye Ngatia alikuwa na simu ya shule, kiti kizuri, na nia ya kukaa hapo mpaka saa sita.

"Ngatia!"

"Niko hapa tu. Nasahihisha mitihani. Usijali."

Saa tano na dakika arobaini na sita.

"Kajuju," Magdaline akaita kutoka kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, "mbona unapigia simu kelele kama ni punda?"

Nikaziba simu kwa kiganja. "Mama, kuna kijana nataka kumsajili kwa timu yangu. Huyu naye anamtaka. Amekataa kukata simu ndiyo barua yangu ichelewe."

"Huyo kijana anajua kucheza?"

"Mama, nikimkosa nimeisha."

"Na huyu anapiga na simu ya nani?"

"Ya shule."

Akatema pini moja moja kwenye kiganja. "Leta."

Akachukua simu. "Haro? Ni nani huyo? Mwalimu Ngatia wa Kagio! Bwana asifiwe! Mungu amekuleta, kijana yangu. Mimi ni katibu wa harambee ya kanisa, tunaweka paa. Nakuandikia kadi ya mchango, wewe na walimu wenzako. Ngoja nikusomee vile paa imeharibika, nianze na upande wa kwaya."

Akasoma upande wa kwaya. Akasoma upande wa akina baba. Ngatia, mkaidi yule, alikuwa akiitikia "amina". Dakika ya hamsini na mbili. Nilikuwa nimeng'ata kola ya blauzi yangu mpaka ikalowa.

"Vile uko na roho nzuri," Magdaline akaendelea taratibu, "nikimaliza na wewe nitampigia mwalimu mkuu. Nitamwambia mwalimu wake amenipigia na simu ya shule, tukaongea vizuri, bila haraka yoyote. Nambari si ndiyo hii hii?"

Magdaline akaitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Amesema amesikia kengele."

Nilichomeka waya karibu niung'oe ukuta. Modemu ikapiga mayowe yake, ikanyamaza: laini ya intaneti ya Nairobi ina watu. Nikapiga tena. Mayowe, mkwaruzo, mayowe, kisha ikashika! Barua ikaondoka saa sita kasoro dakika mbili, na mimi nikabaki nimesimama, mikono kichwani, sijui nicheke au nilie.

Saa sita na robo nikapiga tena kuchukua majibu. Yalikuwa mstari mmoja: Devan Pillay, Ruring'u Radi.

"Tumempata!" Nikamkumbatia Magdaline pamoja na kanzu ya kwaya aliyokuwa ameishika. "Mama, tumempata Devan!"

"Asante Yesu! Anafika lini? Atalala wapi?"

"Haji, mama. Yuko ndani ya kompyuta. Ni wa mchezo."

Akanisukuma kidogo anione vizuri. "Hayuko?"

"Hayuko."

"Na yule mwalimu?"

"Huyo yuko."

Akafikiri. Akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta, akaipangusa skrini kwa upindo wa ile kanzu.

"Basi nionyeshe. Tunacheza na huyo Ngatia siku gani?"

"Jumamosi, mama! Jumamosi hii!"

"Mpange Devan wa kwanza," akasema. "Na usimpumzishe."